Bwambale Akivuka Huitwa Kambale: Kweli na Uongo Kuhusu Java na C

Mtoto wa pili wa kiume akizaliwa Bwera, upande wa Uganda, Wakonzo humwita Bwambale. Akizaliwa Kasindi, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto Lhubiriha, Wanande humwita Kambale. Wa kwanza huku ni Baluku, ng'ambo ni Paluku. Wa tatu ni Masereka, ng'ambo Kasereka. Wa nne huku ni Kule, na kule ni Kakule. Watu ni wamoja na lugha yao karibu ni ileile, lakini Jumanne na Ijumaa, siku za soko, anayevuka daraja la Mpondwe huacha sheria za upande mmoja na kuingia kwenye sheria za upande wa pili.

Vijana wanaojifunza kuandika programu Kasese mjini nao wana mpaka wa namna hiyo, ila huu uko ndani ya simu. Upande mmoja kuna Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Upande wa pili kuna C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Daraja lao linaitwa JNI, na lilikuja na toleo la JDK 1.1 mwaka 1997. Kwa daraja hilo, klasi ya Java huita kazi iliyoandikwa kwa C, na C nayo huweza kurudi kuita Java.

Wengi hulipita kila siku bila kujua. Wanaolijua wamelizushia maneno mengi, mengine ya kweli, mengine ya vijiweni. Tuyapime moja moja.

Dai la 1: "Anayeandika Java hana habari na C."

SI KWELI. Chukua muuguzi anayejaza takwimu kwa simu ya Android. Uganda inatumia mfumo wa DHIS2 kitaifa tangu 2012 kwa ripoti za vituo vya afya, na DHIS2 ilianzia Chuo Kikuu cha Oslo, ikaandikwa kwa Java. Programu yake ya simu huhifadhi kumbukumbu ndani ya hifadhidata ya SQLite ili kazi isisimame mtandao unapokatika. Sasa SQLite, iliyotolewa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ni C tupu.

Zinakutana wapi? Ndani ya Android kuna klasi ya Java iitwayo `SQLiteConnection`. Ukiifungua utaona methodi kama `nativeOpen`, ambayo haina mwili. Ina jina, mabano na nukta-mkato, basi. Neno `native` mbele yake linaiambia Java kwamba mwili uko ng'ambo. Methodi hiyo hurudisha namba moja ya aina ya `long`, ambayo ni anwani ya kitu kilichohifadhiwa upande wa pili. Java haiwezi kukifungua kitu hicho. Inaishika namba tu, kama mtu aliyeacha baiskeli kwa mlinzi akapewa tiketi.

Forodhani nako ni hivyohivyo. Mfumo wa ASYCUDA World, uliotengenezwa na UNCTAD na unaojulikana upande wa Kongo kwa jina la SYDONIA, umejengwa kwa Java. Java hiyo haiwezi kufungua faili wala kutuma ujumbe kwenye mtandao bila msimbo wa asili wa mashine kuwa chini yake. Mtambo wa HotSpot unaoendesha Java kwenye kompyuta nyingi umeandikwa kwa C++, na hata amri ya `java` unayoandika kwenye skrini nyeusi ni programu ndogo ya C inayouamsha mtambo huo.

Dai la 2: "Ukihamishia kazi kwenye C, programu inakimbia zaidi."

NUSU KWELI. Java ya leo haisomwi neno kwa neno kama hotuba. Mtambo wake huona sehemu zinazorudiwarudiwa, ukazikompaili kuwa lugha ya mashine papo hapo. Kwa hesabu za kawaida, C haitakuacha mbali.

Kuvuka kwenyewe kuna ushuru. Kila mwito wa JNI unaulazimu mtambo kubadili hali ya uzi (thread) unaofanya kazi, kuvifunga vitu katika rejea zinazoweza kuvuka, kisha kubadili tena wakati wa kurudi. Zaidi ya hapo, kompaila ya Java haioni ndani ya C, kwa hiyo haiwezi kuunganisha pande mbili na kukata njia ya mkato. Ushuru wa mwito mmoja ni nanosekunde tu. Lakini ukivuka mara milioni moja kwenda kujumlisha namba mbili kila safari, unalipa nauli kubwa kuliko bei ya mzigo.

Mwenye trei 20 za mayai havuki Mpondwe na yai moja moja. Vivyo hivyo, mwandishi mzuri wa JNI hachukui namba moja moja kutoka kwenye safu. Huita `GetIntArrayRegion` mara moja, akachukua fungu zima, akafanya kazi yote ng'ambo, kisha akarudi na jibu. C inalipa pale kazi ni nzito na safari ni chache: kubana picha, kusimba taarifa, kuchambua sauti. Inalipa pia pale maktaba nzuri ya C tayari ipo na kuiandika upya kwa Java ni kupoteza miaka.

Dai la 3: "Upande wa C unaweza kuipa kazi jina lolote."

SI KWELI, isipokuwa umeisajili kazi hiyo kwa njia nyingine. Tuseme una klasi hii:

```
package ug.mpaka;

class Mizani {
    static native long pima(byte[] data);
}
```

Huku methodi inaitwa `pima`. Ng'ambo, Java itaitafuta kwa jina hili:

```
JNIEXPORT jlong JNICALL
Java_ug_mpaka_Mizani_pima(JNIEnv *env, jclass klasi,
                          jbyteArray data)
```

Jina lina neno Java, kisha anwani ya pakiti, kisha klasi, kisha methodi, vyote vimeunganishwa kwa mistari ya chini. Ndiye Bwambale huyohuyo akiwa Kambale. Ukihamisha klasi kwenda pakiti nyingine ukasahau upande wa C, Java itakompaili bila kulalamika, programu itafunguka, na siku `pima` itakapoitwa kwa mara ya kwanza utapata `UnsatisfiedLinkError`. Kosa hilohilo hutokea ukisahau kupakia maktaba yenyewe kwa `System.loadLibrary`. Na kama jina lako la Java lina mstari wa chini ndani yake, huandikwa `_1` upande wa C, jambo linalowapoteza wengi.

Usiandike majina hayo kwa mkono. Amri ya `javac -h` hukutolea faili la vichwa lenye majina sahihi. Vitabu vya zamani vitakuelekeza kwenye `javah`, lakini chombo hicho kiliondolewa katika JDK 10. Njia nyingine ni `RegisterNatives`, ambapo C yenyewe huiambia Java kwamba methodi fulani ni kazi fulani. Hapo ndipo jina linakuwa huru.

Dai la 4: "C haiwezi kugusa kilichoandikwa `private`."

SI KWELI, na hili huwashtua hata wakongwe. C ikiwa na `JNIEnv`, kiashirio inachopewa katika kila mwito, inaweza kuitafuta klasi kwa `FindClass`, ikaomba kitambulisho cha sehemu au methodi, ikaisoma, ikaibadili au ikaiita. Neno `private` halimzuii mtu hapo, kwa maana ukaguzi wake ni wa msimbo wa Java, na mwito wa JNI haupiti kwenye kituo hicho.

Kinachohitajika ni kutaja sahihi ya aina bila kukosea. Methodi inayopokea `int` na `long` bila kurudisha kitu huandikwa `(IJ)V`. Herufi J ni ya `long` kwa sababu L imeshachukuliwa na majina ya klasi, na `boolean` ni Z kwa sababu B ni ya `byte`. Ukikosea herufi moja, methodi haipatikani.

Dai la 5: "`int` ni `int`, na `long` ni `long`, pande zote."

SI KWELI kwa `long`. Java imeahidi kwamba `long` ni biti 64 popote ulipo. C haikuahidi. Kwenye simu yenye prosesa ya biti 32, `long` ya C ni biti 32, na kwenye Windows ni biti 32 hata kompyuta ikiwa ya biti 64. Ndiyo maana JNI ina majina yake, `jint` na `jlong`, ambayo hayabadiliki.

Hasara yake si ya nadharia. Java huhesabu saa kwa milisekunde tangu Januari 1, 1970. Biti 32 zenye alama hujaa baada ya siku 24 na saa 20 hivi. Ukiipokea tarehe ya mgonjwa kwa `long` ya C kwenye simu ya zamani, kila aliyesajiliwa baada ya Januari 25, 1970 anapewa tarehe ya ajabu. Hakuna kosa litakalotangazwa. Utaligundua ripoti ikishafika wilayani.

Dai la 6: "Herufi moja ni baiti moja."

SI KWELI, na Bwera ni mahali pazuri pa kulijua hilo. Daftari la kliniki ya mpakani huwa na majina ya Kikonzo na pia ya Kifaransa kutoka ng'ambo: Noé, Élysée, Désiré. Noé ana herufi 3, na `GetStringLength` itakwambia 3. `GetStringUTFLength` itakwambia 4, kwa kuwa é inachukua baiti 2. Ukitenga nafasi ya herufi 3 upande wa C, baiti ya nne itamwagikia kwa jirani.

JNI pia haitumii UTF-8 uliyoizoea. Inatumia UTF-8 iliyorekebishwa, ambamo herufi ya sifuri huandikwa kwa baiti 2, na vikaragosi vingi vya hisia huchukua baiti 6 badala ya 4. Faili la zamani la Kifaransa lililohifadhiwa kwa mtindo wa Latin-1 lina é ya baiti moja. Ukiipitisha hiyo moja kwa moja kwenye `NewStringUTF`, utapata takataka, na Android ikiwa katika hali ya ukaguzi itaiua programu papo hapo.

Dai la 7: "Mzoa taka wa Java atafagia na upande wa C."

SI KWELI. Mzoa taka (garbage collector) huachilia kumbukumbu isiyotumika tena upande wa Java tu. Hili lilinigharimu wiki nzima.

Nilikuwa naandika programu ya kuhamishia daftari la wagonjwa wa kliniki moja kwenye simu. Sehemu ya C ilisoma faili la zamani, ikatengeneza stringi kwa kila jina, ikaiweka kwenye safu ya Java. Nilijaribu kwa majina 40 ikaenda vizuri. Kwa 300, vizuri. Kliniki ilipoleta daftari lake lote, programu ikajifunga bila kuaga. Nikalaumu faili, nikalaumu betri, nikalaumu jina lenye kistari. Nilipoanza kuhesabu ndipo nikaona inafia karibu palepale kila mara, majina mia tano na kitu.

Kila `NewStringUTF` ilinipa rejea moja ya muda. Rejea hizo huachiliwa zote pamoja C inaporudi kwa Java, lakini C yangu ilikuwa bado ndani ya mzunguko, haijarudi. Kabla ya Android 8.0, jedwali la rejea hizo lilikuwa na nafasi 512 tu, na simu ya kliniki ilikuwa ya kabla ya hapo. Dawa ilikuwa mstari mmoja, `DeleteLocalRef`, mwishoni mwa kila mzunguko. Stringi yenyewe haikupotea, kwa sababu safu ilikuwa imeishika. Nilichoachilia ni tiketi yangu tu.

Kinyume chake kipo pia. Ukiihifadhi rejea ya muda ili uitumie kesho, kesho utakuta imekwisha. Anayetaka kubaki na kitu huomba rejea ya kudumu kwa `NewGlobalRef`, na siku akimaliza huirudisha mwenyewe. Ukichukua herufi kwa `GetStringUTFChars`, rudisha kwa `ReleaseStringUTFChars`. Ukitenga kumbukumbu kwa `malloc`, ifungue kwa `free`. Mzoa taka wa Java hana kibali cha kuvuka.

Dai la 8: "Nikizungushia `try` na `catch`, niko salama."

SI KWELI, na ni uongo mara mbili.

Kwanza, C ikigusa anwani isiyo yake, mfumo wa uendeshaji hutuma ishara ya SIGSEGV na mtambo mzima wa Java huanguka pamoja na nyuzi zake zote. `catch` haipati hata nafasi ya kuamka. Kosa la Java huvunja chombo kimoja. Kosa la C hubomoa jiko.

Pili, C ikirusha hitilafu ya Java kwa `ThrowNew`, haisimami. Hitilafu inawekwa alama tu, na C inaendelea na mstari unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, hadi itakaporudi kwa Java. Basi baada ya `ThrowNew`, weka `return`. Na baada ya kuita methodi yoyote ya Java kutoka C, uliza `ExceptionCheck` kabla ya kuendelea, maana kazi nyingi za JNI haziruhusiwi kuitwa wakati hitilafu inasubiri.

Dai la 9: "`JNIEnv` naweza kuihifadhi, niitumie kwenye uzi wowote."

SI KWELI. Kila uzi una `JNIEnv` yake, kama kibali chenye jina la mwenyewe. Kinachoweza kuhifadhiwa na kugawanwa ni `JavaVM`. Uzi ulioanzishwa na C hujiunga kwanza kwa `AttachCurrentThread`, ukapewa `JNIEnv` yake, na ukimaliza hujitoa kwa `DetachCurrentThread`.

Dai la 10: "Imefanya kazi kwenye simu yangu, itafanya kwenye zote."

KWELI kwa Java, SI KWELI kwa C. Msimbo wa Java hubeba lugha ya kati inayotafsiriwa simuni. Faili la `.so` lililotoka kwenye C limeshachongwa kwa prosesa moja. La `armeabi-v7a` ni la biti 32, la `arm64-v8a` ni la biti 64, na la kompyuta yako ya mezani ni jingine kabisa.

Na sheria hubadilika. Tangu Agosti 1, 2019, duka la Google Play linadai programu mpya na masasisho yenye C yaje na toleo la biti 64. Hapo ndipo walioficha anwani ya C ndani ya `int` ya Java walipoumbuka: anwani ya biti 64 haiingii kwenye biti 32, ikakatwa nusu. Kuanzia Novemba 1, 2025 umekuja mtihani mwingine: programu zinazolenga Android 15 kwenda mbele ziweze kufanya kazi kwenye simu zinazogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16 badala ya 4. Asiye na C ndani ya programu yake hakuhitaji kufanya lolote. Mwenye maktaba ya C aliyopewa na mtu asiyepokea tena simu, ana kazi.

Dai la 11: "JNI imekufa."

SI KWELI, ila ina mrithi. Java 22, iliyotoka Machi 2024, ilikamilisha kiolesura kipya cha kuita kazi za C na kushika kumbukumbu za nje ya Java bila kuandika mstari hata mmoja wa C. Java 24 ya Machi 2025 ikaanza kutoa onyo pale programu inapopakia maktaba ya C bila mwenye mradi kuruhusu waziwazi kwa `--enable-native-access`. Mlango haujafungwa. Umewekewa mlinzi anayeuliza, na siku zijazo huenda asiishie kuuliza.

Kwa simu za Android, njia rasmi ya kwenda C bado ni JNI.

Dai la 12: "Kila mwandishi wa Java lazima ajue kuandika JNI."

SI KWELI. Wengi wataandika programu nzuri za vyama vya kahawa, shule na zahanati bila kuandika neno `native`. Linalowahusu wote ni kusoma kumbukumbu za ajali, na hilo linafundishika kwa dakika tano.

Programu ikijifunga, unganisha simu na kompyuta, fungua `logcat`, utafute neno la mwisho kabla ya kimya. Ukiona `FATAL EXCEPTION`, msiba uko upande wa Java. Soma orodha ya mistari, utafika kwenye kosa. Ukiona `Fatal signal 11 (SIGSEGV)`, msiba uko ng'ambo, na kukaa kutwa ukibadili `try` na `catch` ni kumtafuta Bwambale sokoni Bwera ilhali ameshavuka. Kwenye kompyuta utakuta faili linaloanza kwa `hs_err_pid`, na ndani yake jina la maktaba iliyoanguka.

Mimi ningesoma `logcat` siku ya kwanza, kliniki ingesubiri daftari lake kwa saa moja. Ilisubiri wiki.